PS mbili, gemu moja: mwaka mzima wa kugawana hapa Tudor, Mombasa

Huduma ya PlayStation ya kugawana gemu kati ya mashine mbili naipa nyota nne kati ya tano. Duka lililonifikisha huku, hata nusu nyota silipi.

Nyumbani tuna PS4 mbili, mashine za PlayStation za kuchezea gemu. Ya sebuleni aliileta ami yao watoto alipokuja likizo kutoka Doha. Ya pili niliinunua mimi, mtumba, kwenye duka moja karibu na Mwembe Tayari, shilingi 22,000, maana ugomvi wa pedi ya kuchezea ulikuwa umenifika hapa. Muuzaji akanisifia: "Dada, hii imeshajazwa gemu 12, hununui kitu tena." Nami nikashika njia nikitabasamu. Miezi miwili haijaisha, mwanangu mdogo ananiita: "Mama, njoo uone!" Kila picha ya gemu pale kwenye skrini imepachikwa kikufuli. Zote 12.

Kumbe gemu ya kupakua mali yake ni ya akaunti, si ya mashine. Zile zilikuwa za akaunti ya muuzaji. Aliiwasha akaunti yake kwenye mashine yetu, siku aliyotaka akaivua akiwa huko huko kwake. Nilipomrudia akaniambia ni mambo ya mtandao. Haya.

Basi nikafungua akaunti yangu. Niliifungua ya Marekani, kwa hivyo kadi za kuijazia pesa nazo lazima ziwe za Marekani, ukileta ya Uingereza inakataa. Nikanunua FC 25, gemu ya mpira, mara moja tu, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Utaratibu uko hivi: akaunti moja inaruhusiwa PS4 moja tu kuwa mashine yake kuu, vijana wanaiita praimari. Kwenye praimari, mtu yeyote wa nyumbani anacheza gemu zako akiwa kwa akaunti yake mwenyewe, intaneti iwepo isiwepo. Kwenye mashine nyingine, gemu inamfungukia mwenye akaunti peke yake, tena intaneti iwe hewani ili ikaguliwe.

Sisi tulianza kinyume. Mkubwa ndiye anayetumia akaunti yangu huko chumbani, tukaona basi praimari iwe yake. Mdogo sebuleni akabaki na kikufuli. Tukasema naye aingie kwa akaunti yangu. Ikawa huyu akiingia yule anatolewa, na kelele zinasikika mpaka kwa jirani. Siku ya tatu ndiyo nikapata akili: praimari apewe yule ASIYE na akaunti ya kununulia. Nikaivua chumbani, nikaiwasha sebuleni. Mdogo akaingia kwa jina lake, gemu ikafunguka. Mkubwa chumbani akaingia kwa jina langu, ikafunguka pia. Gemu ile ile, saa ile ile. Halafu nikasikia mmoja anapiga kelele "Goli!" na mwingine anatukana ukuta, nikajua wamekutana mtandaoni, kila mtu na mlango wake. PS Plus, ule usajili wa kuchezea mtandaoni, nao nalipia mmoja, kwangu, na mdogo anafaidi kwa sababu yuko kwenye praimari.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya hiyo intaneti. Siku waifai ya mtaani ikilala, mdogo anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, mkubwa anakodolea macho kufuli. Na ukiuza mashine ukasahau kuivua upraimari, utalazimika kuzivua mashine zote za akaunti yako kwa pamoja kupitia tovuti, jambo unaloruhusiwa mara moja tu kila miezi 6. Pia weka paswadi iulizwe kila wakati wa kununua. Mimi sikuweka, na dola 10 zilizobaki kwenye akaunti zikageuka wachezaji wa mpira wa ndani ya gemu ambao sijawahi kuwasikia.

Mwenye PS5, mashine iliyofuata PS4, atakuta mambo ni yale yale kwa jina jingine, na akaunti moja inaweza kushika PS5 moja na PS4 moja kwa pamoja. Binamu yao wa Nyali ana Nintendo Switch, mashine ya kampuni nyingine. Huko tangu 2025 gemu ya kupakua inaazimwa kama kadi ya gemu ya kuchomeka, mtu wa familia anakaa nayo siku 14 kisha inarudi yenyewe, na wewe mwenye gemu huwezi kuigusa muda wote huo. Kwa hawa wangu ingekuwa vita.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni jina. Mkubwa anacheza kwa akaunti yangu, kwa hiyo mabao ni yangu, vikombe ni vyangu, mimi ambaye pedi sijui hata inashikwa vipi. Mwezi jana ami yao akanipigia simu asubuhi, sauti ya mtu anayejizuia kucheka.

"Shemeji, hujambo? Jana saa nane za usiku nilikuona uko hewani unacheza mpira. Mgonjwa? Usingizi umekukataa?"

Nikamwambia sijambo, nikamshukuru. Kisha nikaenda kugonga mlango wa chumbani. Paswadi mpya ninayo mimi, na naichapa mwenyewe ikifika Ijumaa jioni.