Uzoefu wangu: kuchora fankisheni za namba changamano kwa Matplotlib

Ninafundisha hisabati hapa Moshi, na kila likizo vijana wawili watatu wa chuo hufika nyumbani kwangu Majengo na madaftari yao ya somo la namba changamano. Grafu zetu tunazichora kwa Matplotlib, maktaba ya Python iliyoanzishwa na John Hunter mwaka 2003. Ni ya bure, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti, hata umeme ukikatika tunaendelea mpaka betri ya kompyuta iishe. Nimeridhika nayo. Hata hivyo, grafu zake za pande tatu zimetusumbua kwa namna ambazo ningependa mwalimu mwenzangu azijue mapema, asije akapoteza jioni nzima kama sisi.

Chanzo cha karibu usumbufu wote ni kimoja. Fankisheni ya namba changamano inahitaji vipimo vinne, viwili vya z inayoingia (sehemu halisi na sehemu dhahania) na viwili vya jibu linalotoka, ilhali uso unaochorwa una vitatu tu, yaani kimo kimoja juu ya kila nukta ya sakafu. Ukiipa amri ya plot_surface majibu yenye sehemu halisi na sehemu dhahania kwa pamoja, inaitupa sehemu dhahania, inaandika onyo fupi kwenye dirisha la matokeo, kisha inachora sehemu halisi peke yake. Tulipochora hivyo kipeuo cha pili cha z, tulipata umbo zuri mfano wa jani la mgomba lililokunjwa kwenye uti wake, tukalijadili kwa muda mrefu kama kwamba ndilo jibu kamili, hadi nilipoliona lile onyo limejificha kati ya mistari mingine. Tangu siku hiyo hatuchori kitu kabla ya kutaja wenyewe np.real, np.imag au np.abs, yaani amri za NumPy (maktaba ya hesabu ya Python, kwa kifupi np) za kutoa sehemu halisi, sehemu dhahania au ukubwa wa jibu.

Sehemu dhahania ya kipeuo hichohicho ilituletea jambo jingine: ukuta uliosimama wima juu ya upande hasi wa mhimili halisi. Kijana mmoja aliugusa kwenye skrini kwa ncha ya kalamu akauliza, "Mwalimu, huu ukuta umetoka wapi kwenye fomula?" Kwenye fomula haumo. Karibu na z = −4, juu kidogo ya mhimili jibu linakaribia 2i (i ni kipeuo cha pili cha −1), na chini kidogo linakaribia −2i, kwa sababu np.sqrt huchagua kipeuo kimoja tu kati ya viwili. Programu, ambayo kazi yake ni kuunganisha kila nukta na jirani yake, hulishona pengo hilo la vizio vinne kwa vipande vya uso visivyo na maana yoyote.

Dawa tuliyoipata ni kuiacha gridi ya x na y, tukatumia umbali r na pembe θ. Pembe ikianza −π na kuishia π, kingo mbili za mkato, yaani pale ukuta uliposimama, haziunganishwi tena na ukuta unatoweka. Ukitaka kuona vipeuo vyote viwili, ipeleke pembe kutoka 0 hadi 4π, ila usiandike np.sqrt(z), kwa kuwa itakurudisha kwenye kipeuo kilekile kimoja; andika np.sqrt(R)*np.exp(1j*T/2), ambapo R ni r, T ni θ na 1j ni i. Uso unaotoka unazunguka mara mbili kabla ya kurudi ulipoanzia, na mimi huona fahari kila mara kijana anapoufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Hapo huzuka swali kama kurasa mbili za uso huo zinakatana juu ya upande chanya. Hazikatani. Katika z = 4 majibu ni 2 na −2, yote mawili sehemu dhahania yake ikiwa 0, kwa hiyo yanagongana kwenye kimo tu. Tunayatenganisha kwa rangi: pembe ya jibu tunaipaka kwa twilight, ramani ya rangi ya Matplotlib ambayo rangi zake huanza na kuishia palepale, tukiipitisha kwenye facecolors (rangi za vipande vya uso) na kuweka shade=False ili kivuli kisizibadilishe rangi.

Uso wetu wa kwanza ulikuwa na kona kona ingawa gridi ilikuwa ya 400 kwa 400. Sababu ni kwamba plot_surface, usipoiambia vinginevyo, huchukua takriban safu 50 kila upande. Tuliweka rcount na ccount, yaani idadi ya safu hizo kila upande, kuwa 200, uso ukalainika, ingawa kompyuta yangu kuukuu sasa huugeuza polepole.

Kwa 1/z tunakata kimo kwa np.clip kwenye 5, na mlima unabaki na kilele bapa kama Kibo inavyoonekana kutoka huku mjini. Nukta za gridi ziwe idadi shufwa kila upande, vinginevyo sifuri yenyewe huangukia kwenye gridi na kuacha tundu.

Lipo tatizo moja tusilolimaliza. Uso unaojipitia wenyewe kwenye mchoro huonekana vibaya ukiugeuza, kipande cha nyuma kikijitokeza mbele, na maelezo ya Matplotlib yenyewe yanakiri hivyo na kumwelekeza msomaji kwa Mayavi, programu nyingine ya michoro ya pande tatu. Kompyuta yangu haimudu mzigo huo, kwa hiyo tunajaribu pembe kadhaa za view_init (amri ya kuchagua upande wa kuutazamia uso) na kuhifadhi ile inayoonyesha kurasa kwa mpangilio sahihi.