Kinubi cha Harpo katika "A Night at the Opera"

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitazama filamu hii ya akina Marx, ndugu wachekeshaji wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1935, huku kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kupeleka mbele, kwa kuwa niliamini kwamba muziki unanipunja muda wa kucheka. Juzi niliitazama tena bila kuruka hata dakika moja, nikagundua kwamba nilikuwa nikiruka yasiyostahili kurukwa.

Muziki huo haukuingia kwa bahati mbaya. Baada ya filamu yao "Duck Soup" ya mwaka 1933, ambayo haina kinubi wala piano ya pekee, ndugu hao waliihama kampuni ya Paramount wakapokewa MGM na Irving Thalberg, mtayarishaji aliyeshikilia kwamba vituko vitupu humchosha mtazamaji na kwamba lazima pawepo nyimbo na wapenzi wa kuwahurumia.

Thamani ya uamuzi huo inaonekana melini, miongoni mwa abiria wa daraja la chini. Chico, mmoja wa ndugu hao, anaketi kwenye piano, watoto wakiwa wamembana pande zote, na mkono wake wa kulia unageuka bastola: kidole cha shahada kimenyooka, kinaidungua noti moja ya juu kisha kinarudi kama kwamba hakikufanya lolote. Hapo muziki wenyewe ndio kichekesho, na watoto wanacheka kabla yetu.

Kisha Harpo, ndugu yake, baada ya kuwachekesha watoto hao hao kwenye piano, anahamia kwenye kinubi. Mtu huyu hatamki neno katika filamu nzima, na uso wake haujatulia tangu mwanzo. Lakini vidole vikishagusa nyuzi, macho yanashuka, mdomo unafunga, na yule mtundu anatoweka kabisa. Alijifunza ala hiyo mwenyewe, akaikaza nyuzi kwa namna yake, wala mimi sisikii kasoro yoyote. Ukimya wake wote uliotangulia unapata maana hapo.

Siwezi kuwasifu hivyo wale wapenzi wawili. Allan Jones na Kitty Carlisle wana sauti nzuri, ila wanapoimba hadithi inasimama kama gari lililoishiwa mafuta, na kitufe changu kingekuwa na kazi halali.

Atakayeipenda sehemu ya melini aitafute pia filamu yao "A Day at the Races" ya mwaka 1937. Humo Harpo anaipiga piano kwa nguvu, akicheza prelyudi (kipande kifupi cha muziki) ya mtunzi Rachmaninoff, hadi inavunjika vipande vipande. Halafu anauchomoa mtambo wa nyuzi kutoka ndani ya mabaki, anausimamisha wima, na kuanza kuupiga kama kinubi, kwa uso ule ule uliotulia.