Sarafu za zamani za silva: zipi ununue, zipi umuachie mwenyewe

Mtu akitaka kukuuzia sarafu nzee ya silva, cha kwanza atakwambia umri wake, "hii ina miaka zaidi ya mia", na hapo ndo wengi wanapopigwa, maana umri peke yake haulipi chochote. Zipo sarafu za Waroma za miaka 1700 na ushee iliyopita ambazo bei yake haifiki hata robo ya dola ya Marekani ya 1893 iliyotoka kiwanda cha San Francisco, kwa sababu Waroma walitengeneza mzigo mkubwa sana na mpaka leo zinafukuliwa tu, wakati zile dola zilitengenezwa laki moja na zilizobaki zinagombaniwa. Kwa hiyo swali la ina miaka mingapi liweke pembeni. Uliza ina silva kiasi gani, ziko ngapi na nani anazitaka, na hali yake ikoje.

Mi naona kila sarafu ya silva ina bei mbili ndani yake, ya madini na ya wakusanyaji. Ukijua unalipia ipi hupati shida, shida inakuja pale unapolipa bei ya wakusanyaji kwa kitu chenye thamani ya madini tu.

Ya madini ni hesabu nyepesi. Uzito wa sarafu kwa gramu zidisha na kiwango cha silva, gawa kwa 31.1, unapata aunsi za silva halisi, halafu zidisha na bei ya silva ya siku hiyo ambayo kila mtu anaiona kwenye intaneti. Mfano dola ya Morgan, ile dola kubwa ya silva ya Marekani, ina gramu 26.73 na silva ni asilimia 90, inatoka kama aunsi 0.77. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, gramu 28.07 kwa asilimia 83.3, inakuja 0.75. Rupia ya India ya enzi za Mwingereza gramu 11.66 kwa asilimia 91.7, hapo una aunsi 0.34. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye simba, ina gramu 7.8 ila silva ni robo tu, yaani aunsi 0.06, na watu wanaiuza kama vile yote ni silva.

Na hapo hapo kuna mtego wa mwaka, maana serikali zilikuwa zinapunguza silva kimya kimya na sura ya sarafu inabaki karibu ile ile. Sarafu za Uingereza mpaka 1919 ni asilimia 92.5, kuanzia 1920 mpaka 1946 zikashuka asilimia 50, kuanzia 1947 hamna silva kabisa, shaba na nikeli tupu. Rupia ya India ilishuka kwenda asilimia 50 kwenye 1940. Hiyo shilingi ya simba mpaka 1946 ina ile robo, kuanzia 1948 haina kitu. Marekani dime (senti 10), robo dola na nusu dola za mpaka 1964 zina asilimia 90, baada ya hapo nusu dola peke yake ikaendelea na asilimia 40 mpaka 1970. Usinunue kwa kutazama rangi, soma mwaka kwanza.

Haya, sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachoona ni salama zaidi kwa mtu wa kawaida mwenye hela ya kawaida.

1. Sarafu ya kawaida, iliyochakaa kwa matumizi, bei imekaa karibu na madini

Najua haina mbwembwe, lakini ndo ya kuanzia. Nusu dola za kabla ya 1965, rupia za George wa Tano, dola za Morgan zilizolika kidogo za miaka ya kawaida. Ukikosea hapa unakosea kidogo, kwa sababu chini yako kuna sakafu ya silva, na siku ukitaka kuuza mnunuzi hakusumbui na lenzi, anapima analipa. Na kulika kwa kupita mikononi mwa watu sio ubovu, nywele za mfalme zimefutika kidogo, herufi zimekuwa laini, rangi ya kijivu imetulia, mi napenda kabisa. Lipa nyongeza ndogo juu ya madini, usizidishe.

2. Dola kubwa za miaka ya kawaida ambazo hazikuwahi kutumika

Hapa namaanisha hasa Morgan, zilizotengenezwa 1878 mpaka 1904 halafu tena 1921. Kwa nini sarafu ya miaka ya 1880 iwe mpya kama imetoka jana na bado isiwe ghali sana? Kwa sababu mamilioni yalikaa kwenye magunia ndani ya hazina ya Marekani miaka na miaka bila kuguswa, yakaja kuachiwa watu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zile za kiwanda cha Carson City serikali ikaja kuziuza yenyewe miaka ya 1970. Ndo maana Morgan ya 1881 ya San Francisco inapatikana safi kabisa bila kuuza shamba. Lakini pia chini ya sheria ya Pittman ya 1918 ziliyeyushwa dola zaidi ya milioni 270, kwa hiyo mtu akikutajia idadi iliyotengenezwa mwaka fulani usiitegemee sana, iliyotengenezwa ni nyingine na iliyosalia ni nyingine.

Unachotafuta hapa ni mng'ao. Shika sarafu kwa ukingo chini ya taa moja, izungushe taratibu, sarafu ambayo haijatumika na haijasuguliwa mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Iliyosuguliwa inang'aa mahali pamoja tu, mng'ao wa sufuria, na ukiweka lenzi ya mara 10 unaona mikwaruzo myembamba mingi imeelekea upande mmoja.

3. Reale ya Maria Theresa

Naipenda hii sarafu kuliko nyingi, ila naiweka ya tatu kwa sababu ya uongo unaosemwa juu yake. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, na baada ya hapo ziliendelea kutengenezwa kwa mwaka ule ule kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen na pwani zote za huku na kule walikuwa hawataki nyingine. Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham, hata Bombay, kote huko zimetengenezwa, na Vienna bado wanazitoa. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni ya 1780 original" muulize amejuaje. Wengine wanakuonyesha herufi S.F. chini ya kifua cha malkia kama ushahidi, herufi hizo zipo hata kwenye zilizotengenezwa karne ya 20. Kutofautisha kiwanda na kiwanda kunahitaji kuangalia vito vya bruchi, manyoya ya tai na mpangilio wa nukta, kazi ya mtu aliyezizoea.

Bei yake sahihi ni ya madini na nyongeza kidogo, basi. Angalia ukingo, panatakiwa pawe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA na mapambo kati yake, feki nyingi za kumimina kwenye kalibu zinaharibikia hapo hapo. Na angalia kama ilishawahi kuwa kidani, maana nyingi zilivaliwa shingoni.

4. Sarafu adimu iliyofungwa kwenye kasha na kupewa gredi

Hapa ndo tunaingia kwenye hela nzito. Kampuni za PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zinapokea sarafu, zinaipima kama ni ya kweli, zinaipa gredi, yaani alama ya hali yake, kwenye skeli ya 1 mpaka 70 na kuifunga kwenye plastiki ngumu. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika. Ukiona neno Details kwenye lebo ujue ni ya kweli lakini ina tatizo, ilisafishwa au ilikwaruzwa, na bei yake inatakiwa ishuke sana.

Kwa nini isiwe namba moja basi? Kwa sababu tofauti ya gredi moja, tuseme 64 na 65, inaweza kuwa bei mara mbili au zaidi kwa sarafu fulani, na macho ya mtu wa kawaida hayaioni, unalipia maoni ya mtu mwingine. Pia makasha yenyewe yanaigizwa siku hizi. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, na usiishie kuona kwamba namba ipo, wezi wanakopi namba ya kweli, linganisha picha ya pale na sarafu uliyoshika, kila doa na kila mkwaruzo. Picha hamna? Punguza imani.

Kabla sijaenda namba 5 tuongelee kupima, maana zile mbili za mwisho ndo zinahitaji haya zaidi.

Beba mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, kipimo cha upana na lenzi. Uzito uwe karibu na wa kitabuni, sarafu iliyochakaa inapungua kidogo, lakini Morgan inayosoma gramu 23 au 29 hiyo mrudishie mwenyewe hapo hapo. Sumaku isiinase, ila kutonaswa hakuthibitishi kitu, shaba na risasi nazo hazinaswi. Ile ya kuweka barafu juu ya sarafu mnayoiona kwenye video, barafu inayeyuka haraka watu wanashangilia, shaba nayo inapitisha joto karibu sawa na silva, kwa hiyo shaba iliyopakwa silva inafaulu vizuri tu.

Kipimo ninachokiamini nyumbani ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, isomeshe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu gawa kwa hiyo namba. Silva ya asilimia 90 inatoa kama 10.3, shaba na nikeli inatoa kama 8.9, risasi 11.3. Morgan ya kweli maji yatasoma kama 2.6. Bahati mbaya kuna feki zinazotengenezwa kwa silva ya kweli na hizo zinapita vipimo vyote hivi, hapo inabaki macho: herufi zilizovimba kama zimelowa, vitundu vidogo vya hewa, mstari wa kuungana ukingoni, au sarafu mbili za muuzaji mmoja zenye kovu lile lile mahali pale pale.

Na bei. Mtu anayeuza Morgan chini ya bei ya silva iliyomo ndani, kwa nini asiipeleke kwa sonara?

5. Iliyosafishwa, iliyotobolewa, iliyokuwa kidani

Muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa "nimekusafishia", na hapo ameshaondoa nusu ya bei au zaidi, na hairudi. Ule weusi, ubluu na udhahabu juu ya silva ni salfa ya hewani imeungana na uso wa sarafu taratibu, wakusanyaji wanaupenda, wengine wanaulipia zaidi. Dawa ya kuzamishia nayo inakula uso wa silva kila ukiitumia, ukirudia rudia mng'ao unakufa sarafu inabaki nyeupe isiyo na uhai. Kama kuna utelezi wa kijani uliotokana na vimfuko vya plastiki laini, asetoni safi inautoa bila kugusa silva, lakini izamishe tu usisugue, na ifanyie mahali penye hewa mbali na moto.

Kwenye zilizokuwa vidani tazama ukingo saa 12 ya juu, kuna alama ya kulehemu au tundu lililozibwa na herufi kuchongwa upya. Zote za kundi hili nunua kwa bei ya madini tu, kama unaipenda ivae, hiyo ni sababu nzuri kabisa.

6. Sarafu adimu, haina kasha, muuzaji humjui

Ya mwisho na kwa umbali mkubwa. Morgan ya 1893 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, ni mfano wa kudumu, watu wanachukua ya kawaida ya 1893 wanabandika S ndogo, bei inaruka mara nyingi. Ilaze sarafu upande upande chini ya lenzi uangalie herufi inapokutana na uwanja, ile sehemu tambarare, iliyogongwa na kiwanda imeota kutoka kwenye silva yenyewe, iliyobandikwa ina ufa au ukungu wa gundi kuizunguka.

Dola ya China yenye kichwa cha Yuan Shikai, aliyekuwa rais wake, hasa ya mwaka wa tatu wa jamhuri yaani 1914, feki zake zimejaa dunia nzima, na mimi bila kasha siigusi. Nyingine ni dola ya biashara ya Marekani, ile yenye maneno TRADE DOLLAR kwa chini upande wa tai na 420 GRAINS juu yake, ambayo ni gramu 27.22. Hizo zilitengenezwa 1873 mpaka 1885 basi, kwa hiyo ukiletewa yenye mwaka wa kabla ya 1873, na zipo nyingi kweli, hata mizani usiitoe mfukoni.