Fender Blues Junior, ampu (kikuza sauti cha gitaa) ndogo ya valvu ila ina sauti tamu sana

Kama unapiga gitaa mahoteli ya hapa Malindi hii ampu naipenda mno, wati 15 tu, valvu mbili za EL84 (zile taa za kioo zinazokuza sauti) na spika ya inchi 12, na ukumbi unajaa. Shida ya wengi ni zile nobu za toni, yaani besi (sauti nzito), mido (sauti ya kati) na trebo (sauti nyembamba), zinavutana, ukigusa moja nyingine nazo zinabadilika, na kazi yao hasa ni kupunguza sio kuongeza! Mi naweka zote katikati, naiacha ipate moto, halafu naanza na mido maana ndo inafanya usikike kwenye bendi. Ukipandisha volyumu shusha besi, la sivyo inavuma tu. Ukiletewa kutoka Marekani cheki volti kwanza, kwao ni 120 kwetu 240, utaichoma.