Maziwa lala ya probiotiki wakati wa dozi ya vidonda vya tumbo: uzoefu wangu Kisumu

Nililelewa nikiamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo mengi, hadi nilipopimwa katika kliniki moja hapa Kisumu nikaambiwa nina Helikobakta pailori. Huyu ndiye bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, ambaye daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha hilo, ukuta wa tumbo lake ukavimba ndani ya siku chache, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakatunukiwa Nobel kwa kazi hiyo. Nilipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na antibayotiki mbili za siku 14. Siku ya tano nikaanza kuharisha, mdomo ukabaki na ladha ya chuma kutwa nzima, na siku ya saba nikaacha dawa bila kumwambia mtu. Kiungulia kilirudi, na kipimo kikaonyesha kwamba mdudu bado yupo.

Safari ya pili daktari alinibadilishia dawa, kisha akanishauri ninywe maziwa lala, yaani maziwa yaliyogandishwa, yenye probiotiki (bakteria hai wenye faida kwa mwili) muda wote wa dozi, nikiyatenganisha na vidonge kwa saa mbili au zaidi. Alinieleza kwamba antibayotiki haichagui: inaua mdudu wa tumboni pamoja na bakteria wema wa utumbo, na hapo ndipo kuharisha kunapoanzia.

Maziwa ya kwanza niliyanunua katika duka moja kubwa, yakiwa na kifuniko kilichopambwa vizuri. Ili kujua kama bakteria wake wako hai na wanaweza kugandisha maziwa mengine, nilichota kijiko kimoja nikakitia katika kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa hadi kuwa vuguvugu, nikafunika na kuacha usiku kucha. Asubuhi yalikuwa maji matupu, dalili kwamba huenda yalipashwa moto baada ya kuganda na bakteria wote wakafa. Nilihuzunika, kwa sababu mgonjwa hulipia bakteria hao hao.

Ndipo nikamwendea mama anayeuza maziwa lala karibu na soko la Kibuye. Nilimwuliza, "Mama, haya hayachemshwi tena yakishaganda?" Akanijibu kwamba huchemshwa mara moja tu, kabla ya kutiwa bakteria. Kijiko cha maziwa yake kilinigandishia kikombe kizima: mazito, yanayotikisika bila kumwagika, juu yake maji ya kijani kibichi hafifu, na uchachu safi usiokwaruza koo.

Nilikunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Tumbo lililegea kidogo siku mbili za mwanzo, kisha likatulia, na safari hii nilimaliza vidonge vyote. Baada ya wiki sita nilipima kinyesi, na mdudu hakuonekana. Siwezi kusema maziwa ndiyo yaliyoniponya, kwa kuwa aliyemwua mdudu ni antibayotiki, na yeyote anayeuza maziwa lala kama mbadala wa dozi anawadhuru watu. Mimi yalinisaidia kuivumilia dozi ambayo awali ilinishinda, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ninaendelea kununua kwa mama huyo kila Jumamosi. Ombi langu kwake ni moja, aandike kwenye chupa tarehe ya kugandisha, maana umeme ukipotea siku nzima mteja hana njia ya kujua maziwa yamekaa nje ya baridi kwa muda gani.