Laptopu ya stesheneri yangu na fundi wa nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi

Nina stesheneri ndogo Majengo, hapa Moshi. Ndani kuna printa mbili, mashine ya fotokopi, ya lamineti, na laptopu moja inayobeba kila kitu. Ndiyo naandikia barua, ndiyo inayoskani vyeti, ndiyo inayoingia kwenye mfumo wa RITA kuhakiki vyeti vya kuzaliwa na kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kuwaombea watoto wa watu mkopo wa chuo. Inawaka saa moja na nusu asubuhi, inazimwa saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Ni Dell Latitude ya mtumba, prosesa (ubongo wa mashine) ni i5 ya kizazi cha tano, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) GB 4, hadidiski ya kuhifadhia mafaili GB 500. Niliinunua 2020 na imenisomeshea mtoto.

Julai 2025 ilinifikisha mahali pa kulia. Maombi ya mikopo yalikuwa yamefunguliwa na benchi langu limejaa tangu asubuhi. Kuwaka tu ilikuwa inachukua dakika 11, nilipima kwa saa ya simu. Ukifungua kivinjari na faili moja la PDF, inaganda, feni inalia kama mashine ya kusaga. Kuna mama aliteremka na binti yake kutoka Kibosho. Tumejaza kurasa zote, tumefika kwenye kupandisha viambatanisho, mashine ikaganda mpaka mfumo ukatutoa nje. Wakarudi kesho yake, nauli nyingine. Siku ya pili ikaganda palepale. Yule mama hakunilaumu, alisema tu, "Basi dada, tutajaribu kwingine." Hiyo ndiyo iliyonitoa dukani.

Niseme kwanza kwamba miezi minne nyuma nilishaipeleka kwa fundi mwingine mjini, simtaji. Yeye alipiga Windows upya, akachukua elfu 20, basi. Hakuniuliza kama nina mafaili. Nilikuwa na kazi za miaka mitano mle: mikataba ya nyumba, kadi za kipaimara, ratiba za mazishi, wasifu wa marehemu. Watu wa huku wanarudi kwa hayo. Kaka mmoja alikuja mwezi wa tano akitaka nimtolee tena wasifu wa baba yake, wanafanya misa ya mwaka mmoja, na nakala waliyokuwa nayo nyumbani imeloa. Nikamwambia sinayo. Nimelibeba hilo mpaka leo. Na ule wepesi wa Windows mpya ulidumu wiki mbili tu, mashine ikarudi kulekule.

Kwa hiyo nilipoelekezwa kwa huyu wa nyuma ya soko la Mbuyuni nilienda na moyo mzito. Ofisi yake ni chumba kimoja, meza moja, taa ya kuinamia na kabati la vioo lenye chaja na mbao za mashine zilizokufa. Kijana wa miaka thelathini hivi. "Shikamoo mama, karibu ukae." Nikamwambia nataka aniongezee RAM, maana mtaani kila mtu anasema ni RAM. Angeweza kuniuzia palepale nikaondoka. Badala yake akaniambia, "Tuiwashe kwanza mama, ituambie yenyewe inaumwa nini."

Akaiwasha, akangoja zile dakika 11 zote bila kushika simu yake. Kisha akafungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha nani anakula nini, akanigeuzia kioo. Prosesa ilikuwa asilimia 14. RAM ilikuwa karibu imejaa. Diski ilikuwa 100, haishuki hata sekunde moja, na hapo hatujafungua kitu. Akanieleza kwa mfano nilioushika. Hadidiski ya zamani ina sahani inayozunguka, ya kwangu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinapaswa kwenda kila mahali faili lilipo. "Ni kama wewe uko peke yako dukani mama, wateja kumi, kila mmoja anakutuma stoo kitu chake." RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski hiyohiyo, kwa hiyo safari za stoo zinaongezeka. SSD, diski ya kisasa inayowekwa badala ya hadidiski, haina sahani wala kichwa, haina kitu kinachotembea, ndiyo maana haina safari.

Halafu akaendesha programu ya kupima afya ya diski, ikatoa rangi ya njano. Sekta, yaani sehemu ndogo za diski zinazoshika mafaili, zimeanza kuharibika. Hapo akanyamaza kidogo, akasema neno ambalo kwangu ndilo lililompa nyota zote: "Kabla ya spidi, tuokoe mafaili." Kutokana na hali ile hakutaka kunakili diski nzima kwenda kwenye SSD kama ilivyo. Alisema atatoa mafaili yangu kwanza, nione mwenyewe kwamba yapo, ndipo apige Windows safi.

Nilikaa pale siku nzima, binti yangu akashika duka. Alipofungua mfuniko wa chini, skrubu alizipanga kwenye vifuniko vya soda, kila kifuniko na upande wake. Feni ilikuwa imefungwa na utando wa vumbi mnene kama kipande cha blanketi, na ndani yake nyuzi za karatasi. Ni vumbi la dukani kwangu, la kukata na kupanga rimu siku nzima. Alilitoa kwa brashi, akalishikilia feni kwa kidole isizunguke wakati anapuliza. Kisha akafungua kile chuma kinachopoza prosesa. Dawa ya kupitisha joto iliyo katikati ya chuma hicho na prosesa ilikuwa imekauka kama chaki, inapukutika. Akaifuta kwa spiriti hadi pakang'aa, akaweka mpya kiasi cha punje ya maharage. Aliniambia prosesa ikipata joto sana inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo hata ukiweka SSD bila kusafisha, mchana wa joto utaona inazubaa.

Bei ilikuwa hivi. SSD ya GB 256 elfu 75. Kipande cha RAM cha GB 4 cha kuongezea kile cha zamani, maana kulikuwa na tundu moja tupu, elfu 25. Kazi yote, pamoja na usafi na kuhamisha mafaili, elfu 30. Jumla 130,000. Laptopu nyingine ya mtumba niliyokuwa nimeulizia ilikuwa 550,000. Nilimuuliza kuhusu kuruka hadi GB 16, akasema kwa kazi zangu GB 8 zinatosha, nisitupe hela.

SSD yenyewe ni kitu chepesi mno. Nilipoishika nilidhani ndani hamna kitu.

Alipoiwasha tena nilipima kwa simu ileile: sekunde 22. Nikamwomba aizime aiwashe tena. Sekunde 21.

Kuna jambo moja ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Hadidiski ya zamani aliniwekea mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Alisema, "Mama, humu kuna vyeti vya watu na namba zao za NIDA, za kitambulisho cha taifa. Usimwachie mtu, hata mimi." Sisi wenye stesheneri tunapaswa kulifikiria hili zaidi ya tunavyolifikiria. Ninayo nyumbani, ndani ya sanduku.

Yapo ambayo hayakunifurahisha. Aliniambia saa tisa mchana, nikatoka saa moja usiku. Kuhamisha mafaili kutoka diski mbovu kulichukua muda, na umeme ukakatika katikati. Hana jenereta wala betri ya kushikilia, na fundi wa kazi kama hii anahitaji angalau betri. Risiti hana. Dhamana ya miezi mitatu ya SSD aliniandikia kwa mkono nyuma ya kadi, na mimi nilisisitiza aandike namba ya kifaa yenyewe. Herufi mbili za kibodi zinazogoma aliniambia hana kibodi ya mfano ule, bado zinagoma.

Kuhusu Windows alikuwa mkweli pia. Prosesa ya kizazi cha tano kama yangu haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11; kwa Intel inaanzia cha nane. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Alinionyesha njia mbili: kuhamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na unaenda vizuri kwenye mashine kama hii, au kubaki na Windows 10 na kujiandikisha kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza yanayofika Oktoba 2026. Printa yangu moja ina ukorofi, nikaogopa kubadili. Oktoba nikarudi akaniandikisha kwa akaunti yangu, hakuchukua hela. Kabla ya Oktoba 2026 nitalazimika kuamua, na nitamwomba aniwekee Mint pembeni niizoee kabla.

Sasa nimeingia mwezi wa saba naitumia tangu itengenezwe. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, dukani palikuwa hapapitiki, nilikuwa na kurasa kumi na kitu zimefunguliwa, nachapa na kuskani kwa wakati mmoja, na mashine haikuganda. Feni siisikii. Kila Jumamosi jioni nanakili kazi za wiki kwenye diski ya nje, hilo nilijifunza kwa yule kaka wa wasifu wa baba yake.

Na yule mama wa Kibosho nilimpigia siku ya pili yake, kabla hajapata pa kwenda. Walishuka Ijumaa. Tulimaliza kwa dakika 40, na sikuchukua hela ya kuskani.

Ukitaka kwenda, fika mapema, kabla ya saa tatu, kwa sababu anapokea mashine chache kwa siku na anayewahi ndiye anayemaliza siku hiyo. Nenda na chaja yako mwenyewe, nywila zako uziandike pembeni kabla hajafuta chochote. Jumapili hafungui.