Postfix kupitia Amazon SES: uzoefu wangu

Kama unasimamia seva ndogo ya Linux na ankara za wateja wako zinaishia kwenye spamu, soma hii. Postfix yetu, programu ya kupokea na kutuma barua pepe, ilikuwa inapokea vizuri. Shida ilikuwa kutuma. Kampuni tunayokodi seva imefunga poti 25 ya kutoka (mlango ambao seva za barua hutumia kutumiana), na hata ingefunguliwa, anwani za IP za kukodi mara nyingi zimeshachafuliwa na waliozitumia kabla yako. Tukaamua barua zote zitoke kupitia Amazon SES, huduma ya Amazon ya kutuma barua pepe.

Kazi yenyewe ni mistari michache ya main.cf, faili la mipangilio la Postfix. Kwenye relayhost andika [email-smtp.eu-west-1.amazonaws.com]:587, na mabano ya mraba usiyaache, maana ndiyo yanayoizuia Postfix kutafuta rekodi za MX (zinazotaja seva ya barua ya kikoa). Washa smtp_sasl_auth_enable (kuingia kwa jina na nywila), na smtp_tls_security_level iwe encrypt ili nywila isipite wazi. Kwenye smtp_sasl_security_options ondoa noplaintext, ibaki noanonymous; nywila tayari inalindwa na encrypt. Jina na nywila huwekwa kwenye sasl_passwd, faili unalifunga kwa chmod 600, unaendesha postmap (inayoligeuza kuwa jedwali ambalo Postfix inalisoma), na smtp_sasl_password_maps unaielekeza huko. Angalia herufi moja: smtp_ ni upande wa kutuma, smtpd_ ni wa kupokea. Nywila yenyewe tengeneza ndani ya SES. Ufunguo wa siri wa kawaida wa AWS haukubaliki hapo.

Logi ya Debian ikisema "no worthy mechs found", usihangaike na nywila kwanza. Hakikisha kifurushi cha libsasl2-modules kimesakinishwa. Ujumbe huo unapotosha watu bure.

Bei nimeipenda: dola 0.10 kwa barua 1,000, na nyongeza ndogo kwa uzito wa viambatisho. Ila akaunti mpya huanza na mipaka, barua 200 kwa saa 24, tena kwa anwani ulizothibitisha tu, kwa hiyo omba kufunguliwa kabla hujaihitaji. Rekodi tatu za CNAME za DKIM (saini inayothibitisha barua imetoka kwenye kikoa chako) ziweke kwenye DNS siku hiyohiyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai uthibitisho wa mtumaji, hata kwa wanaotuma barua chache.

Sasa ankara zetu zinafika kwenye kikasha cha Gmail. Kitu kimoja bado kinanikera: "status=sent" kwenye logi maana yake SES imeipokea barua, si kwamba mteja ameipata. Washa taarifa za barua zinazorudi, na zipelekwe kwenye anwani ambayo kuna mtu anaisoma kila siku.